Kasia Jekundu na Samaki Nambari 417

Kasia jekundu likitundikwa gatini, hapana mtu atupaye ndoano ya maski katika Ziwa Halvor. Hiyo ndiyo kanuni, na kila mtoto wa kijiji cha Brenna aliijua kabla hajajua kusoma. Kasia lilitundikwa siku maji yalipofika nyuzi themanini za Farenhaiti, yaani kama ishirini na saba za Selsiasi, yakawa vuguvugu, na liliteremshwa siku yalipopoa. Serikali haikuiandika kanuni hiyo mahali popote. Wazee wa ziwa ndio walioiweka, na watu waliishika kuliko zile zilizoandikwa.

Sababu yake haikuwa siri. Maski ni samaki mrefu, mwenye rangi ya shaba na mabaka meusi, na kinywa kilichojaa meno kama sindano za kushonea viatu. Ana nguvu za kutisha, lakini nguvu hizo huzimaliza kwa mara moja, na katika maji ya moto hawezi kuzirudisha, kwa kuwa maji ya moto yana hewa haba. Anayemvua wakati huo humwachia, akamwona akipunga mkia na kuzama, akarudi nyumbani kwa furaha. Kumbe samaki amekwenda kufa. Tena Ziwa Halvor halikuwa ziwa la kawaida. Lilikuwa ziwa la mbegu. Kila masika, barafu ilipoyeyuka, maski wakubwa wa ziwa hilo walinaswa kwa nyavu bila kuumizwa, wakakamuliwa mayai, wakarudishwa majini. Mayai hayo yaliangua vifaranga waliopelekwa katika maziwa ishirini na mawili ya kaskazini mwa jimbo la Wisconsin. Aliyeua maski jike mmoja wa Halvor aliyapunja maziwa yote hayo.

Mlinzi wa kasia alikuwa Mzee Leander Kosonen, mpasua mbao mstaafu mwenye umri wa miaka sabini na minane. Mara mbili kwa siku, asubuhi na saa tisa alasiri, alishuka ngazi za gati, akatumbukiza kipimajoto kilichofungwa kamba, akahesabu polepole mpaka mia mbili, kisha akakitoa na kuandika alichokiona.

Asubuhi hizo hakukosa kukutana na Signe Haugdahl. Signe alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yake, Bi Ragna, alikuwa na duka la chambo karibu na ziwa, na kazi ya Signe kabla ya kifungua kinywa ilikuwa kuchota vidagaa hai kutoka katika kizimba cha gatini na kuvibeba katika ndoo mbili mpaka dukani, bila kumwaga maji njiani.

“Leo vipi, Mzee Leander?” aliuliza asubuhi moja ya mwisho wa Julai.

“Themanini na mbili. Kasia halina likizo.”

“Hii ni siku ya sita.”

“Umehesabu vizuri. Mimi ninahesabu ngazi hizi. Zamani zilikuwa nane, siku hizi naona kama ishirini.” Akamtazama Signe ndoo zake. “Vidagaa vyako vinahema juu juu. Vitilie barafu kidogo ukifika.”

“Nimeshaweka barafu tayari, Mzee.”

“Najua. Nilitaka kusikia ukisema.”

Signe alikuwa mtoto wa kusifiwa, wala sisemi hivyo kwa upendeleo. Aliweza kutambua umri wa samaki kwa kuhesabu miduara ya gamba. Aliweza kuendesha mashua kinyume cha upepo bila kugusa majani ya ufukweni. Na alikuwa na tamaa moja tu kubwa. Kila masika, mtoto mmoja wa miaka kumi na mitatu aliketishwa katika mashua ya mayai pamoja na wataalamu. Yeye ndiye aliyepewa unyoya mrefu wa bata bukini, akakoroga mayai ndani ya beseni yalipochanganywa na mbegu za dume, kwa sababu mkono wa mtu ni mzito mno kwa yai la maski. Kiti kilikuwa kimoja, na mtoto hakipati ila mwaka wa kumi na tatu wa umri wake. Mwenye kukikalia alichaguliwa Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Signe alikitamani tangu ana miaka sita, na tangu ana miaka tisa alijizoeza jikoni kwa kukoroga sagu iliyolowekwa, akitumia unyoya aliouokota mwenyewe.

Mshindani wake alikuwa Petra Wozniak, rafiki yake na jirani yake darasani. Mwezi wa Juni, maji yakiwa bado baridi, Petra alikuwa amevua maski wa inchi arobaini na nane, na tangu siku hiyo hakukuwa na amani.

“Nipe vidagaa kumi na viwili,” Petra alisema dukani siku ile ile, akiegemea meza. “Vichague vyenye heshima. Ni vya mtu aliyewahi kushika inchi arobaini na nane.”

“Kila siku zinaongezeka. Juzi zilikuwa arobaini na saba na nusu.”

“Samaki anakua, dada. Wewe wako anakua wapi?”

“Wangu yuko ziwani, hana haraka.”

“Basi Septemba nikishika unyoya nitakutumia salamu kutoka ndani ya mashua. Wewe utakuwa ufukweni, umebeba ndoo.”

Walicheka wote wawili, maana ndivyo walivyozoeana. Lakini Petra alipoondoka, Signe alibaki akiyatazama maji ya ndoo. Kicheko kilikuwa kimekwisha, maneno yalikuwa yangalipo.

Siku iliyofuata, ambayo ilikuwa Jumanne, alichukua mashua ndogo ya nyumbani na kuelekea pembe ya kaskazini ya ziwa, mahali paitwapo Kona ya Mierezi. Pale, chini ya ukingo, chemchemi ya maji baridi hutoka ardhini na kuingia ziwani. Signe alikuwa amekumbuka jambo ambalo alidhani wengine wamelisahau. Alitumbukiza kipimajoto chake, akahesabu mpaka mia mbili kama Mzee Leander, akakitoa. Nyuzi sabini. Akarudia. Sabini tena.

“Kasia linasema themanini na mbili,” alijiambia. “Lakini hapa si themanini na mbili.”

Basi akatupa ndoano.

Mara ya tisa aliporudisha chambo chake cha mbao karibu na mashua, aliona kivuli kirefu kikifuata nyuma yake, kama gogo lililopata akili. Hakushtuka. Alizungusha ncha ya fimbo ya kuvulia majini kwa duara kubwa, kama alivyofundishwa, na katika mzunguko wa pili maji yalipasuka. Fimbo ilipinda mpaka ikagusa maji. Yule samaki hakukaa kwenye kona. Alitoka mbio kuelekea katikati ya ziwa, akiivuta mashua nyuma yake, akaruka mara mbili na kuonyesha ubavu wote, mpana kama ubao wa mlango, unaong'aa kama shaba iliyosuguliwa. Signe alishindana naye dakika kumi na moja. Hakuulegeza mshipi hata mara moja.

Alipomwingiza katika wavu wa mpini, alimwacha ndani ya maji. Hakuing'oa ndoano kwa nguvu. Aliikata vipande kwa mkasi wa chuma, kisha akavitoa kimoja kimoja. Alimpima humo humo majini: inchi hamsini na moja. Nyuma ya pezi la mgongoni palikuwa na kibati kidogo cha njano chenye nambari, na Signe akaisoma kwa sauti ya chini, 417. Alimshika mkia taratibu, akimwelekeza mbele, mpaka samaki mwenyewe alipopunga na kuondoka.

Kila jambo alilofundishwa alikuwa amelifanya. Aliandika katika daftari lake nambari na urefu, na moyo wake ulikuwa umejaa furaha. Lakini alipokaribia gati aliona mikono yake ikiifunika fimbo kwa turubai, naye hakuiuliza kwa nini.

Alhamisi asubuhi, Signe alipofika na ndoo zake, palikuwa na watu saba au wanane gatini. Katika mashua ya Mzee Leander palikuwa na kitu kirefu kilichofunikwa kwa gunia lililoloweshwa. Mzee alikuwa amekiona kinaelea karibu na matete, tumbo juu.

Bi Wanda Pruzinski, mtaalamu wa samaki wa serikali, alifika kabla ya saa tatu. Alikuwa mama wa makamo, mwenye mikono mipana na maneno machache, na kwa miaka kumi na minane ndiye aliyekuwa akikamua mayai ya Halvor. Alipiga magoti juu ya mbao, akalifunua gunia, kisha akasoma kibati.

“Mia nne na kumi na saba,” alisema. “Huyu nilimpa nambari mwenyewe, miaka tisa iliyopita. Hakukosa masika hata moja. Wengine hutupiga mikia. Mwaka juzi mmoja aliitupa miwani yangu ziwani, na mpaka leo anaivaa huko. Huyu hakuwa hivyo. Ukimshika alitulia kama mtu anayesubiri zamu yake. Ukienda leo katika ziwa lolote la wilaya hii, utakuta wanawe.”

Alimgeuza taratibu, akatazama pembe ya kinywa, matamvua na ubavu.

“Amevuliwa,” aliendelea. “Na aliyemvua ni fundi. Ndoano ilikatwa, haikung'olewa. Hakuna gamba lililochubuka, maana yake alibaki majini muda wote. Watu wazima wengi hawajui kufanya kazi safi kama hii. Alikosea siku tu.”

Signe aliyasikia maneno hayo akiwa amesimama nyuma ya watu, ndoo mbili zimemning'inia mikononi. Kama Bi Wanda angemtukana mvuvi yule, pengine ingekuwa nafuu.

“Watakuwa wale wageni wa nyumba za kupangisha,” alisema mtu mmoja.

“Wageni gani hao wanaojua kukata ndoano?” alijibu mwingine.

Mzee Leander aliinua mkono. “Hatuulizi. Mnajua utaratibu. Mlango wa banda utakuwa wazi mpaka Jumapili jioni.”

Waliujua. Ndani ya banda la mashua, kwenye ukuta wa mbao usiopakwa rangi, zilikuwapo nambari za samaki wote wa mbegu waliowahi kufa kwa kosa la mtu, na mbele ya kila nambari jina la aliyekosa, kwa mwandiko wake mwenyewe. Hakuna aliyehojiwa wala kupelelezwa. Mzee aliandika nambari, akaning'iniza penseli kwa uzi, akaacha mlango wazi siku nne. Asiyekuja hakufuatwa. Nambari yake ilibaki na nafasi tupu mbele yake, na kila aliyeingia bandani aliiona. Kwa miaka hamsini nafasi tupu zilikuwa mbili tu.

Siku hiyo Petra alikuja dukani mapema. “Umemwona? Inchi hamsini na moja. Angekuwa wangu ningelia mpaka Krismasi.”

“Labda aliyemvua alipima maji,” Signe alisema, akijifanya anapanga mikebe.

“Angepima angeona themanini na mbili.”

“Labda alipima mahali pengine.”

Petra alimtazama. “Mahali pengine wapi? Ziwa ni hili hili.” Kisha akacheka. “Bora asijulikane. Ukimtetea hivi watadhani ni wewe, na kiti chako kitakuwa changu bila jasho.”

Signe hakucheka. Usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa alijirudia hoja yake moja: maji yalikuwa nyuzi sabini. Kila alipoirudia ilikuwa kweli, na kila ilipokuwa kweli haikumpa usingizi. Hakuna aliyemwona. Akinyamaza, Septemba itafika, atashika unyoya, na pembeni mwake ataketi Bi Wanda akimwamini. Hapo ndipo mawazo yake yalipokuwa yakigonga kila mara na kukataa kwenda mbele.

Jumamosi asubuhi alipeleka ndoo dukani kwanza, kwa sababu kazi ni kazi, kisha akaingia bandani. Alisoma ukuta kutoka juu. Lilikuwapo jina la mchungaji wa kanisa lao. Lilikuwapo jina la mwalimu wake wa hesabu. Jina la Leander Kosonen lilikuwapo mara mbili. Alichukua penseli, na mbele ya 417 akaandika: Signe Haugdahl. Mkono ukasita, kisha ukaongeza: maji nyuzi 70.

Mzee Leander alikuwa nje, ameketi juu ya kreti akishona wavu. Aliingia, akavaa miwani, akasoma.

“Sabini?”

“Ndiyo, Mzee. Kona ya Mierezi. Nilipima mara mbili.”

“Sina shaka ulipima.” Akaivua miwani. “Jambo la sabini Bi Wanda analijua kuliko mimi. Tutamsubiri.”

Signe aliutazama tena ukuta. “Mzee, jina lako lipo mara mbili.”

“Naliona kila siku. Mimi ni mgumu wa kufundishika. Keti.”

Bi Wanda alipofika aliusoma ukuta. Alimwambia Signe aingie katika mashua ya kazi na achukue kipimajoto chake mwenyewe. Walikwenda mpaka Kona ya Mierezi. Pale alizima injini, mashua ikateleza yenyewe.

“Pima.”

Signe alipima. “Sabini na moja.”

“Hukusema uongo. Sasa inama, weka mikono pande mbili za uso ukinge mwanga, utazame chini.”

Signe aliinama. Mwanzoni aliona mchanga na magogo. Halafu gogo moja likapunga pezi. Walikuwa maski, wamelala bega kwa bega ndani ya ule mkondo mwembamba wa maji baridi, wakubwa kwa wadogo, hawawindi, hawatembei, wanafungua na kufunga matamvua tu. Alihesabu kumi na tisa.

“Maski hakai na mwenzake,” alisema Bi Wanda. “Kila mmoja ana eneo lake, akimwona mwenziwe anamfukuza. Unadhani kwa nini leo wamebanana hivi?”

“Hawana pengine pa kwenda,” Signe alisema polepole.

“Hawana. Ziwa zima ni la moto, wamebakiwa na chumba hiki kimoja. Wewe ulimvulia hapa. Ulimwachia wapi?”

Signe alinyoosha kidole kuelekea katikati ya ziwa, mahali samaki alipoivuta mashua. Bi Wanda akawasha injini, wakaenda mpaka hapo, akamwambia apime. Kipimajoto kilisema themanini na tatu.

Signe alitazama kule walikotoka. Ilikuwa kama hatua mia mbili, na mtoto yeyote wa Brenna angeweza kuogelea umbali huo.

“Alikuwa amechoka,” alisema mwishowe. “Hakuwa na nguvu ya kurudi.”

“Hakuwa nayo,” alisema Bi Wanda. Alimwachia nafasi ya kulia, akatazama upande mwingine, maana alikuwa mtu wa adabu.

Waliporudi, Signe aliingia bandani peke yake. Alitoa kisu chake kidogo na kukwangua yale maneno matatu ya mwisho mpaka mbao ikawa nyeupe. Likabaki jina.

Mzee Leander alimtamkia adhabu akiwa amesimama wima, kama alivyowatamkia wengine wote kabla yake. Hatatupa ndoano ya maski mpaka nyavu za masika zitakapotolewa. Kila siku, asubuhi na alasiri, atapima maji katika sehemu mbili, gatini na Kona ya Mierezi, na kuandika, mpaka ziwa lifunikwe na barafu. Masika atafanya kazi ya ufukweni, kuosha mabeseni ya mayai. Na jina lake halitakuwapo Septemba.

“Naomba niulize jambo moja, Mzee,” alisema Signe. “Kama nisingeandika?”

“Ungekalia kiti. Nafasi ingebaki tupu, nami nisingejua kitu.”

“Ndiyo,” alisema Signe. “Mimi ningejua.”

Nyumbani, Bi Ragna aliyasikia yote mpaka mwisho. Hakupaza sauti wala hakumbembeleza. Alimkatia mkate wa iliki, akaupaka siagi, akasema, “Kula. Saa tisa inakaribia, na una maji ya kupima.”

Septemba Petra alichaguliwa. Jioni yake alifika dukani amekunja uso.

“Sikitaki hivi,” alisema. “Nilitaka kukushinda. Sikutaka uniachie.”

“Sijakuachia. Nimekipoteza mwenyewe.”

“Ni yale yale.”

“Si yale yale hata kidogo. Ungeniachia wewe ungeona.” Signe alifuta meza iliyokuwa safi tayari. “Umewahi kukoroga?”

“Kukoroga nini? Uji?”

“Mkono wako ni mzito kama nyundo, Petra. Utaua mayai laki moja siku ya kwanza. Njoo jikoni.”

Basi msimu ule wa baridi, jioni kadha wa kadha, wasichana hao wawili walikaa mezani na bakuli la sagu. Signe aliushika mkono wa Petra, akamwonyesha jinsi ya kuuacha unyoya uende wenyewe. Petra alilalamika, akatania, akajifunza. Ule unyoya wa zamani, uliookotwa na mtoto wa miaka tisa, Signe alimpa.

Kazi ya kupima maji haikuwa ya mchezo. Agosti ilikuwa rahisi. Oktoba mvua ilinyesha kwa mshazari na kalamu ikakataa kuandika. Novemba ilibidi avunje utando wa barafu kwa kasia ili apitishe mashua. Hakuruka siku. Mwalimu wa hesabu, ambaye jina lake lilikuwa ukutani, alimwona mara moja akirudi ana theluji kichwani, akamvulia kofia. Ziwa lilipofungwa, daftari lilikuwa na siku mia na kumi na sita.

Masika yalifika, nyavu zikatandazwa. Kwa siku kumi Signe alisimama ufukweni ndani ya buti za mpira, akiosha mabeseni kwa maji yaliyotoka kuyeyuka. Vidole viliwaka, kisha vikafa ganzi, kisha vikawaka tena. Beseni lenye uchafu kidogo huharibu mayai yote, kwa hiyo alisuuza kila moja mara tatu na kulikagua juani. Kutoka pale alipokuwa aliiona mashua ya mayai, na Petra ameketi ndani yake, ulimi umemtoka kidogo kwa makini, unyoya ukizunguka polepole. Signe aliutazama mkono ule. Ulikuwa mwepesi kabisa. Iliuma, na papo hapo alifurahi.

Siku ya kumi, nyavu zilipotolewa, Bi Wanda alishuka ufukweni akiwa na daftari la Signe mkononi. Nyuma yake Petra aliburuta kamba ndefu yenye maboya ya manjano.

“Miaka kumi na minane nimepima ziwa hili mara moja kwa mwezi,” alisema Bi Wanda. “Hakuna aliyewahi kuipima kona ile kila siku. Sasa tunajua inapoa kiasi gani, na inaanzia wapi. Kasia likipanda, maboya haya yatafunga Kona ya Mierezi. Wazee wamekubali. Wewe utatuonyesha mahali pa kuyafunga.”

“Mimi?”

“Nani mwingine aliyehesabu siku mia na kumi na sita?”

“Ingia, dada,” alisema Petra. “Leo ndoo nabeba mimi.”

Waliyafunga maboya. Waliporudi, Mzee Leander alimwita Signe bandani. Alikuwa ameshika penseli.

“Sikiliza,” alisema. “Kanuni yetu hupima maji ya gatini kwa kuwa hapo ndipo mimi mzee naweza kufika. Lakini haikuwekwa kwa ajili ya gati. Iliwekwa kwa ajili ya samaki. Wewe ulishika nambari ya kanuni ukaiacha sababu yake, na anayefanya hivyo hakosi mahali pa kupenyea. Mimi nilipenya mara mbili. Kuanzia leo, ukikuta kanuni, jiulize kwanza inamlinda nani, kisha umtazame huyo, usitazame kipimajoto peke yake. Na ukikosea, andika jina lako bila kuongeza kitu, kama ulivyofanya mwishowe. Hilo la mwisho watu wazima wengi linatushinda.”

“Nimesikia, Mzee.”

Akaugeukia ukuta. Jina halifutwi; hiyo pia ni kanuni. Lakini mbele ya 417, na mbele ya Signe Haugdahl, pale mbao ilipokwanguliwa ikawa nyeupe, mzee aliandika polepole, kwa herufi za mtu aliyefundishwa mwandiko kwa fimbo: Amelipa.

Kisha akamkabidhi penseli, aitundike mwenyewe mahali pake.